Yop ya Mkate, Yop ya Mlango

Mohira, mkaza mwana wa jirani yangu Salomat, hapendi kitu kilichozagaa. Magodoro ya kwao hukunjwa kabla chai haijapoa, na programu za simu anazobuni ni hivyo hivyo. Hukaa mbele ya kompyuta akivuta vipande kwa kipanya, picha hapa, kitufe pale, na kila sehemu huifanya ya kukunjwa: ukiigusa inajifunga, ukiigusa tena inafunguka. Mumewe husema iko siku atamkunja yeye amtie kabatini.

Salomat ndiye anayetuokea mikate mtaani kwetu, hapa Marghilon. Mohira akamtengenezea programu ya kupokea oda. Kwenye sehemu ya oda aliweka kishale cha kukunjia, lakini macho ya mama mkwe hayakukiona, basi akaandika neno zima: Yop. Alikusudia funga. Lakini katika lugha yetu kufunga mlango ni yop, na kubandika mkate kwenye ukuta wa tanuri ni yop vilevile.

Jumapili ile wazee walikuja kumposa binti yangu, Zebiniso. Posa kwetu haijawa posa mpaka mkate uvunjwe mbele ya pande zote mbili, nami nilikuwa nimeagiza kwa simu, nikijiona wa kisasa. Wageni wakaketi, chai ikamiminwa, mkate hakuna. Damu ilinichemka. Nikavuka njia, nikamkuta Salomat amekaa karibu na tanuri la moto, unga umeumuka, anasubiri oda. Akanijibu kwa ukali kwamba tangu asubuhi imeingia moja tu, ya mwalimu wa hapo mtaani.

Mohira akaja, akagusa skrini ya mama mkwe. Oda zikamwagika, yangu ikiwa ya juu.

"Mama, nani aliifunga hii?"

"Kufunga nini, mwanangu? Umeniandikia yop, nami nilipobandika mkate nikaibonyeza. Mkate wa mwalimu si keshaula?"

Mohira akajishika kichwa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Binti yangu alikuwa anangoja kuaibika mbele ya wakwe, nikaanza kufoka.

"Baba Zebiniso," Salomat akasema, "ukitaka kugomba, gomba huku unakata madonge ya unga."

Nikakata. Mohira, ambaye hajawahi kuingiza mkono tanurini, akabandika mkate wa kwanza, ukaangukia majivuni. Wa pili ukashika, umepinda kidogo. Salomat akabandika mingine, na mara nilikuwa nakimbia na mikate kwenye kitambaa, nywele za mkono zimeungua. Mzee wa upande wa kijana alikuwa ameshaanza kutafuta kofia yake. Akauchukua ule uliopinda, ukamchoma vidole, akauvunja hivyo hivyo huku akipuliza. Zebiniso akaniangalia, nami nikageuka ukutani kupangusa macho.

Kesho yake Mohira alirudisha kishale, safari hii kikubwa kama kijiko. Neno hakulifuta. Alilipatia kazi nyingine: Salomat akibonyeza Yop, oda haijifichi, na mwenye oda anapata ujumbe kwamba mkate wake uko tanurini.

Juzi nimeagiza mikate ya harusi. Ujumbe ukaja, umeandikwa vizuri kabisa. Nikavaa viatu, nikaenda kuchungulia tanuri kwa macho yangu.