Sentimita Tatu za Nesi Mitsue

Mume wangu Eisaku alifanya kazi reli miaka ishirini na miwili kabla ya kurithi gereji ya baba yake hapa bondeni, na reli haijamtoka. Kule walifundishwa kunyooshea kidole kila wanachokikagua na kukitaja kwa sauti: taa, sawa! mlango, sawa! Nyumbani hunyooshea jiko la mafuta kila tukitoka. "Jiko limezimwa, sawa!" Siku moja alininyooshea mimi. Nikamwambia, "Mimi bado nawaka, mzee, usijidanganye." Lakini watu wote wa bonde hili walikiamini kidole hicho, na mimi nikiwemo.

Mwezi wa kumi na mbili alikuja Ozawa Mitsue, nesi anayezungukia wazee wa vitongoji vya juu. Gari lake dogo la jipu lilikuwa linakwaruza tumbo kwenye theluji iliyoganda katikati ya barabara. Alitaka linyanyuliwe, na liwekewe matairi makubwa pia.

"Matairi hapana," Eisaku alimwambia. "Haya yaliyotoka nalo kiwandani yana meno mazuri, na hayajaisha. Ukiweka makubwa yatasugua madigadi kila ukikata kona, na mlimani gari litachoka. Nitakupa sentimita tatu kwenye springi. Zinatosha."

"Tatu tu? Mzee Eisaku, hata viatu vyangu vya harusi vilizidi hapo."

"Na hukuanguka?"

"Nilianguka."

"Haya, basi."

Watu hudhani kunyanyua gari ni kubadilisha springi na shokapu, kwisha. Ekseli ya mbele ya jipu lile imeshikwa na fimbo moja ya chuma iliyolazwa kimshazari. Gari likinyanyuliwa, fimbo ile huivuta ekseli upande, kwa hiyo Eisaku alifunga nyingine inayorekebishika urefu. Boliti zake hazikazwi gari likiwa linaning'inia, kwa sababu mpira ulio kwenye ncha za fimbo utajipinda na kuchanika. Unazishikiza kwa mkono tu, unalishusha gari likae kwa miguu yake, ndipo unakaza kwelikweli.

Eisaku alikuwa amelishusha tu nilipomwita. Ilikuwa saa tisa alasiri, saa ya chai, na kwenye chai sina mchezo. Mitsue alikuwa ameshakaa, nimeshamkatia figili za chumvi.

"Nakuja, bado boliti mbili!" alijibu.

"Boliti hazipoi! Chai inapoa!"

Akaja. Alikunywa, alicheka, akarudi gereji, na mimi niliona kwa macho yangu kidole kikitembea chini ya gari. "Springi, sawa! Shokapu, sawa! Fimbo, sawa!" Mitsue akawasha akaenda zake Kamisawa, kitongoji cha juu, kumfunga kidonda mzee Tokuji.

Haikupita nusu saa Eisaku akaingia jikoni na viatu vyake vya gereji, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuoane. Mkononi alishika spana ya kupimia mkazo.

"Kipimo bado ni cha nati za magurudumu," alisema. "Sikukigeuza. Fusae, sikukaza fimbo."

"Si ulisema sawa? Nimekusikia."

"Nilisema."

Mazoea yana taabu. Kidole kilikuwa kimetangulia, macho hayakufuata. Nikampigia Mitsue mara nne, lakini ukishapita handaki linalotoboa mlima simu haishiki. Tukapanda kigari chetu cha mizigo, mimi na sanduku la boliti mapajani.

Niliogopa. Sioni haya kusema. Boliti ile ikichomoka, ekseli inahama na usukani unaacha kumtii dereva, na barabara ya Kamisawa ina kona kumi na saba, upande mmoja mlima, upande wa pili hewa. Kwenye kila kona nilichungulia bondeni nikitafuta rangi ya kijani ya jipu, nikiomba nisiione. Nilijisemea moyoni: wewe na figili zako. Kwenye daraja tuliona alama za magurudumu zimeyumba hadi ukingoni, kisha zikarudi. Eisaku alipunguza mwendo, akazitazama, akakanyaga mafuta tena.

Tulilikuta jipu uani kwa mzee Tokuji. Limesimama, zima. Mitsue yuko ndani, tunamsikia akimtania mgonjwa. Eisaku alilala kwenye theluji akaingia chini. Alipotoa kichwa, midomo yake ilikuwa haina rangi.

"Nati haipo. Boliti imetoka nusu."

Nikainama. Nilichomwambia nakiandika hapa kwa sababu ni kweli. "Kaza, twende zetu. Nani atajua?"

Aliniangalia kana kwamba hanijui. Akafunga nati mpya, akakaza, akapima, kisha akaenda kupiga magoti mlangoni, paji la uso sakafuni, akamweleza Mitsue yote mbele ya mgonjwa.

Mitsue aliketi. "Ilikuwa inagonga tangu handakini," alisema. "Darajani ikanivuta. Nikadhani ni barafu. Nikaongeza sauti ya redio."

"Nimeshaikaza, nesi. Ni salama. Mimi nitaliendesha hadi chini, wewe panda kigari chetu na Fusae."

"Gari langu naendesha mwenyewe." Akaanza kuvaa glavu zake. "Nina watu wengine watatu kesho huku juu, sitaanza kuliogopa leo. Ila umesema ni salama?"

"Ni salama."

"Basi Mama Fusae atakaa kando yangu."

"Nitakaa mimi."

"Hapana, mzee. Mkeo."

Nikamgeukia Eisaku. Nilitegemea aseme haya, pandeni. Akachukua tochi na spana, akarudi chini ya jipu. Safari hii alikaa huko dakika nyingi. Tulimsikia akigusa boliti moja baada ya nyingine, za fimbo, za springi, za shokapu, hata za magurudumu ambazo hazikuwa na kosa lolote, na kila moja aliipima mara mbili. Hakusema sawa hata mara moja. Mitsue alisimama karibu nami akisikiliza. Hakunitazama, nami sikuthubutu kumtazama.

Eisaku alipotoka, mgongo wake umelowa, alinifungulia mlango mwenyewe. Nikakaa, nikafunga mkanda. Mitsue akawasha gari, tukaanza kushuka, na mimi niliogopa zaidi ya wakati wa kupanda, si kona tena bali kumtazama Mitsue, maana sasa wote wawili tulikuwa tumeona jinsi Eisaku anavyokagua gari atakalopanda mkewe, na jinsi alivyolikagua alipodhani anapanda nesi peke yake.