Ikigoma, Bonyeza Tena

Ukimuuliza kazi yake, alikuwa anajibu, "Naangalia mstari." Watu wakicheka, anawaacha wacheke. Lakini ndiyo kazi yenyewe, jamani: kukaa mbele ya skrini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, akiuangalia mstari wa kijani ukipanda na kushuka, ahakikishe haugusi ule mwekundu. Ofisini walimbandika jina la Kipimo.

Kampuni yao ilipiga simu kwa niaba ya wengine. Hospitali ikitaka kuwakumbusha wagonjwa tarehe zao, wao wanatuma maneno, na mtambo wa kampuni nyingine huko mbali unayageuza kuwa sauti ya mtu. Mtambo huo ulikuwa na masharti yake: sentensi mia tatu kwa dakika, basi; hapo ndipo ulipo mstari mwekundu. Ukizidisha, akaunti nzima inafungwa dakika moja. Na ukithubutu kubisha hodi ndani ya dakika hiyo, inaanza kuhesabiwa upya. Ndiyo, upya! Ukiwa na haraka, umekwisha.

Dada yake alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke ambaye hata ukiwa mtaa wa pili ungejua leo wanasoma herufi gani. Kisha akaota uvimbe kooni. Madaktari wakauondoa, na sauti ikaenda nao. Kipimo, aliyelelewa na dada huyo tangu mama yao afariki, hakuweza kuvumilia. Jumamosi moja, pembeni ya kitanda cha hospitali, akaandika programu ndogo kwenye simu ya dada: unaandika, unabonyeza, simu inasema. Akaiunganisha na akaunti ya ofisini kwa jina la "Jaribio". Kuomba ruhusa? Amwombe nani, yule bosi? Thubutu!

"Ikigoma, bonyeza tena," alimwambia dada. Siku zile mstari ulikuwa chini kabisa, wala hapakuwa na cha kugoma. Alisema tu, kama tunavyosema sote.

Dada akarudi darasani. Watoto waliizoea sauti ya simu kwa siku mbili, ya tatu wakaanza kuiigiza. Naye alipojua kwamba mdogo wake anayaona maneno yake yote kwenye skrini, uchokozi ukaanza. Katikati ya wagonjwa na tarehe zao linachomoza swali lake: "Mdogo wangu, umekula au umeshindia chai?" Kipimo anacheka peke yake kama mwehu.

Basi wateja wakaongezeka, mstari ukapanda. Kipimo akaomba waongezewe kikomo, bosi akasema mwezi ujao. Mwezi ulipofika, mwezi ujao tena. Ile programu ya dada nayo ilitakiwa kurekebishwa, ijue kusubiri akaunti ikifungwa, kama mtambo wa ofisini unavyojua. Ni kazi ya saa mbili tu. Aliiweka kiporo, wiki hii, wiki ijayo, na mimi sitamtetea kwa hilo.

Ndipo dada akapata barua. Mkaguzi angekuja Jumanne saa nne kuona kama mwalimu asiye na sauti anaweza kushika darasa. Akishindwa, atapelekwa stoo ya vitabu. Na watoto wa darasa la kwanza hawajui kusoma. Huwezi kuwaandikia ubaoni ukajiita umewafundisha. Kipimo akawafuata wenzake mmoja mmoja: Jumanne saa nne msitume kitu kikubwa, nawaomba sana. Wakakubali.

Jumanne, saa nne na dakika tatu, watu wa maji wakampigia bosi. Bomba lilikuwa limepasuka, maji yameingia uchafu, mji mzima uambiwe usiyanywe. Bosi hakuuliza mtu. Alituma maneno ya mji mzima kwa mpigo, mstari ukagonga mwekundu, akaunti ikajifunga. Mtambo wa ofisini ukatulia kusubiri. Kwenye skrini ya Kipimo ukatokea mstari mmoja wa maneno:

"Jaribio: Watoto, simameni tumsalimie mgeni wetu. Imekataliwa."

Kisha tena. Kisha tena. Dada alikuwa anabonyeza tena, kama alivyofundishwa, na kila akibonyeza dakika inaanza upya. Kipimo akapiga simu, ikakatwa. Akaandika ujumbe: "Dada, usibonyeze, subiri kidogo." Haukusomwa. Mkono wa dada ulikuwa unahangaika na kitufe cha programu.

"Jaribio: Mdogo wangu, upo? Imekataliwa."

"Jaribio: Mdogo wangu! Imekataliwa."

"Ni nani huyo Jaribio anayetufungia mlango?" Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Mfute! Unataka watu wanywe uchafu?"

Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililomkata Kipimo maini. Akamfuta. Baada ya dakika moja akaunti ikafunguka, simu zikaanza kuita nyumba baada ya nyumba: msinywe maji. Bosi hakuondoka nyuma ya kile kiti hadi saa tano, asije Jaribio akarudishwa.

Jioni Kipimo alimkuta dada jikoni, karatasi ya mkaguzi iko mezani, imeandikwa palepale darasani na kupigwa sahihi: stoo, kuanzia Jumatatu. Kipimo akaketi, akamweleza yote bila kujificha. Kikomo, kufungwa, kuhesabiwa upya, na nani aliyemfuta.

Dada alisikiliza hadi mwisho. Akavuta daftari, akaandika polepole kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, akamgeuzia asome: "Yaani ningenyamaza dakika moja tu?"

"Dakika moja tu, dada."

Mabega ya dada yakaanza kutikisika. Kipimo alimtazama na hakujua kama anacheka au analia, maana siku hizi vyote viwili havikuwa na sauti.