Tulivyomtafuta Bibi Kabla ya Ndege Kuja

Kiwanja cha ndege cha bonde letu kilikuwa kipande cha majani tu. Mlowezi mmoja alikisawazisha zamani ili ndege yake ndogo itue, na alipoondoka baada ya Uhuru ng'ombe wakakirithi. Kisha, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tukatangaziwa kwamba serikali inafikiria kukipanua. Ndege kubwa zingetua, kabichi na mapeasi yetu yangefika mbali kabla hayajalegea, na wakubwa wangekuja Lushoto bila kuzunguka kona za barabara ya Mombo na kutapika. Hilo la kutapika lilisemwa na mwenyekiti wetu mwenyewe, na watu walicheka sana.

Kabla ya kupanua walikuja watu wa kukagua, kwenye Landrova. Walikuwemo bwana misitu, mtaalamu wa maji, na kijana aliyeshughulika na mambo ya hewa, ambaye kazi yake ilikuwa kutuuliza habari za ukungu. Mkubwa wao alikuwa mpimaji ardhi, mtu mnene wa kutoka pwani aliyejifunika koti muda wote kama mgonjwa. Tulikusanyika mbele ya duka la ushirika, naye akasema, "Ndugu zangu, hatujaja kujenga. Tumekuja kuuliza, kikijengwa, kitaharibika nini."

Lazima nimtendee haki mtu huyu. Alisema hivyo kwa Kiswahili cheupe, na naamini alimaanisha. Ni sisi tuliosikia kwamba ndege imeshafika.

Waliuliza habari za chemchemi. Waliuliza kijito kikipitishwa chini kwenye mabomba, wa upande wa pili watachota wapi. Waliuliza miti ya mgongoni mwa kilima, ile ambayo isipokatwa ndege isingeweza kushuka, inazuia nini kisiporomoke. Mwishowe wakauliza makaburi. Mwenyekiti akasema kila mwenye wake aende akaonyeshe, kigingi kipigwe, ramani ijazwe.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa upande wa chini, pale pale kiwanja kilipotakiwa kurefushwa. Tulikuwa tumeihama tulipoambiwa tusogee kijijini, karibu na barabara. Hatukuswagwa, nisiseme uongo. Mwenyekiti alikuja kwa adabu, akanywa chai, akarudi tena. Wengine kwingine nasikia waliondolewa vibaya, lakini mimi nasema la kwetu. Tuliacha kuta za udongo, mvua ikazila, na migomba ikabaki peke yake.

Bibi yangu mzaa baba alizikwa kwenye migomba hiyo, kwa desturi ya watu wa umri wake, kabla familia yetu haijaanza kuzika kwenye uwanja wa kanisa. Mtoto wake aliyebaki hai alikuwa shangazi yangu. Alikaa kwangu. Miguu ilimvimba, akawa anafika uani na fimbo yake, basi. Nilipomweleza habari za mkutano aliendelea kupukuchua maharage. Halafu akasema:

"Mama yangu halali chini ya magurudumu."

"Watamhamisha, shangazi. Wamesema."

"Nani atamhamisha? Hao wa Landrova wanamjua? Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Nenda ukawaonyeshe alipo, halafu tumtoe wenyewe, tumlete kanisani, na mimi nilazwe pembeni yake. Ndilo ninalongoja."

Nikasema, "Ndiyo, shangazi," kwa sauti ya mtu anayejua.

Nilichokijua ni hiki. Nilipokuwa kijana nilipita na baba pale, yeye amebeba mkungu kichwani. Baba hakupenda kunyoosha kidole kwenye kaburi. Alielekeza kwa kidevu, bila kusimama, akasema, "Bibi yako yuko pale, chini ya mgomba wa kwanza ukitoka mlangoni." Tukapita. Sikuuliza kitu. Nilikuwa nawaza mambo yangu, na sijui hata yalikuwa mambo gani.

Basi nilikwenda. Mpimaji alinikuta nimesimama mbele ya migomba nimevaa shati la kanisani.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa sababu ya tumbo lake na koti.

"Marahaba, ingawa nadhani tuko sawa," akajibu. "Haya, ndugu. Mzee wetu yuko wapi?"

"Bibi."

"Samahani. Bibi yuko wapi?"

Nilitafuta mlango kwa macho. Mlango haukuwepo. Ukuta haukuwepo. Nilikisia pale palipokuwa na mafiga, nikahesabu kwa moyo, nikauona mgomba uliosimama mbele ya wenzake. Nikaonyesha kwa kidevu kama baba.

"Hapo?"

"Hapo."

"Una hakika, ndugu? Si vibaya ukisema hujui. Tunaweza kumwita mtu mwingine."

Watu walikuwa wamesimama nyuma yangu wakingoja zamu zao, kila mmoja na makaburi yake kichwani. Nikasema nina hakika. Na haki ya Mungu, wakati ule nilidhani ninayo. Kigingi kikapigwa, kichwa chake kimepakwa chokaa.

Shangazi hakutaka kungoja serikali iamue. Jumamosi iliyofuata tulishuka na majembe: mimi, binamu yangu, majirani wawili, na mzee wa kanisa aliyekuja kuomba. Shangazi alinipa shuka jeupe, jipya, alilokuwa amelitunza kwa ajili yake mwenyewe. "Mfungeni hilo," alisema. "Mimi mtanitafutia jingine."

Mzee wa kanisa aliomba vizuri. Tukachimba. Udongo wa juu ulikuwa mweusi na laini, kisha ukawa mwekundu, kisha ukawa ule mwekundu mgumu ambao haujawahi kuguswa na mtu tangu dunia iumbwe. Mkulima yeyote anaujua. Binamu yangu aliuona kabla yangu, ila alinistahi, akaendelea kidogo. Mwishowe akachomeka jembe ardhini, akakaa ukingoni.

"Ndugu yangu," akasema, "kwani migomba hukaa mahali pamoja?"

Nikainua jembe nichimbe tena.

"Chipukizi linatoka ubavuni mwa mama yake. Mama anakatwa. Mwana anazaa ubavuni. Miaka yote hii, hapa hakuna mtu wa kuzuia, migomba imetembea imefika kwa mlowezi. Wewe ulidhani imefungwa kamba?"

Mmoja wa majirani alicheka, akajizuia, akacheka tena. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningecheka. Mimi ambaye tangu utoto nimekuwa nikichimba machipukizi na kuyahamisha, ambaye nimewahi kugombana na mtu kwa sababu migomba yake imeingia kwenye mpaka wangu, nilikuwa nimeuonyesha mgomba mdogo kabisa, pengine wa juzi, nikasema bibi yuko chini yake. Mzee wa kanisa alifunga kitabu chake taratibu na kusema tutaomba siku nyingine.

Tulijaribu upande wa juu, tukapata mawe. Tukajaribu pale binamu alipodhani. Jua lilipoanza kushuka eneo lile lilikuwa limetoboka kama lililopitiwa na nguruwe, na shuka lilikuwa bado limekunjwa.

Nilipofika nyumbani shangazi alitazama mikono yangu. Nilimweleza yote. Nilijitahidi nisijipunguzie wala nisijiongezee. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mmemkosa."

"Tumemkosa, shangazi."

"Na baba yako alikuambia."

"Aliniambia."

"Na wewe ukasikia mgomba, hukusikia bibi."

Nimeambiwa maneno mengi makali maishani, mengine yakiwa ya haki na mengine ya kuonewa. Hilo lilisemwa bila ukali wowote, na ndilo ambalo bado linanifanya nitazame chini hata nikiwa peke yangu shambani.

Habari zikaenea. Dukani nikasikia mtu akisema nyuma ya magunia, "Yule anapanda makaburi kama viazi, anangoja yaote fidia ya serikali." Nilitaka kumwambia kwamba sikuwaza fidia. Halafu nikajiuliza kama kweli sikuiwaza hata kidogo, nikaona bora ninunue chumvi niondoke.

Shangazi akasema apelekwe mwenyewe. Tulimbeba kwa machela, kama wabebwavyo wagonjwa wa kwenda hospitali, na njia nzima alikuwa akituelekeza na kututania: "Taratibu, bado sijafa, msinizoee." Mpimaji alikuwepo, nilikuwa nimemtumia habari. Alivua kofia, akampa shikamoo, naye akaitika na kumshika mkono kwa muda mrefu.

Tulimsimamisha mbele ya mashimo. Alishika fimbo kwa mikono yote miwili. Alitazama upande wa juu, akatazama upande wa kijito. Akasogea kidogo, nikamshika kiwiko, akasimama. Akarudi. Nilimwona midomo inatembea, kama anayepanga vyungu na nyungo za nyumba ya mama yake mahali pake: hapa jiko, hapa mlango, hapa mbuzi.

"Ni hapa," akasema. Kisha akasema, "Hapana." Kisha akakaa chini kwenye majani makavu, akajifunika uso kwa upande wa khanga.

Hapo ndipo aibu yangu ilipobadilika. Kabla ya hapo nilikuwa na aibu yangu mwenyewe, na nilikuwa nimeanza kuizoea. Sasa nilikuwa nimemleta mama mtu mzima, mbele za watu, aonekane hajui kaburi la mama yake. Kama ningesema sijui tangu siku ya kwanza, angebaki nyumbani akiamini kwamba yeye angejua.

Mpimaji alichuchumaa karibu naye, koti likagusa matope.

"Mama, nisaidie nikusaidie. Ramani yangu inataka mahali. Kaburi ni kigingi kimoja."

Shangazi akafunua uso. "Kama hujui mtu amelala chumba gani, unasemaje?"

"Nasema yumo ndani ya nyumba."

"Basi andika yumo ndani. Zungusha yote."

"Yote hii?"

"Kuanzia kwenye mawe yale mpaka kijitoni. Humo hamtamkosa."

Bwana misitu alitabasamu. Mpimaji hakutabasamu. Alitoa penseli, akaitandaza ramani juu ya goti, akachora mstari kuzunguka migomba yetu yote. Nilimwona. Akaniita nishuhudie, na nikashuhudia.

Kiwanja hakikupanuliwa. Barua ilipokuja, mwenyekiti alituambia sababu: ukungu, na miti ya mgongoni, na kijito, na gharama. Makaburi sikuyasikia kwenye sababu hizo, ingawa sikuisoma barua kwa macho yangu. Lakini watu wa kijiji walishaamua. Walisema bibi yetu amezuia ndege. Walisema alijificha makusudi, akatandaa shamba zima ili wasipate pa kupita. Yule aliyesema napanda makaburi alinisalimu kwa heshima na kuniuliza bibi alikuwa na uwezo gani alipokuwa hai. Nilimjibu alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Nilieleza habari za ukungu, mara nyingi, kwa watu wengi. Wanasikiliza, halafu wanatikisa kichwa, wanaona nafanya unyenyekevu.

Shangazi alikufa kabla ya masika yaliyofuata. Tulimzika kanisani, pembeni yake pakiwa wazi. Siku zake za mwisho aliniita na kuniagiza nisiliache shamba lile liwe pori kwa kuogopa. "Mama alikuwa analisha watu," alisema. "Lima."

Kwa hiyo nalima. Nimefukia mashimo, nimepanda maharage kati ya migomba. Kamati ya kijiji haikulichukua kwa ajili ya shamba la pamoja, kwa sababu ya ule mstari wa penseli, na sidhani kama ilikuwa haki nibaki na udongo mzuri vile kwa sababu ya kutojua kwangu. Nililisema kwenye mkutano. Waliniambia nikae.

Wengine hulima wakiimba. Mimi nalima kwa jembe fupi, nimeinama, polepole, mpaka mke wangu ananiuliza kama natafuta sindano. Jembe likigonga kitu kigumu nasimama. Naliweka kando, napiga magoti, nafukua kwa vidole. Mpaka sasa yamekuwa mawe.