Mechi Nne za Benchi

Timu yetu ikipigwa Jumamosi, Jumapili tunafanya kesi. Kwa hivyo tunafanya kesi karibu kila Jumapili. Kuna mshtaki, kuna mtetezi, na hakimu ni mama wa chai, kwa sababu viti ni vyake na sufuria ni yake. Mshtakiwa huwa mchezaji mmoja tu. Ukiwashtaki wote kumi na mmoja, chai inapoa. Yeye mwenyewe haji. Lakini hukumu humfikia kocha kabla ya Jumanne na kocha huifuata, maana mipira na maji ya timu huletwa na sisi mashabiki.

Kibanda kiko Riruta, kati ya uwanja na Naivasha Road. Mshtaki wa siku zote nilikuwa mimi. Nauza viatu vya mitumba mjini, na kazi hiyo imenizoesha kuhesabu kila kitu mara mbili: ya kwanza kwa macho, ya pili kwa kutoamini macho. Msimu huu nilikuwa namhesabu namba tisa wetu. Mechi sita, mashuti kumi na manne, moja tu likalenga goli, na hilo lilikuwa krosi iliyopotea njia.

"Huyo hata umpe goli bila kipa, ataomba ramani," walikuwa wakisema watu wa viti vya nyuma.

Mtetezi wake alikuwa Maalim, mtu wa Pwani anayefundisha madrasa mjini na kusafiri hadi Riruta kila wikendi kuteseka nasi. Maalim humtetea kila mtu. Aliwahi kumtetea kipa aliyefungwa na goli-kiki ya mwenzake.

Alhamisi moja namba tisa akaja kwenye meza yangu mjini, njumu zake zikiwa kwenye mfuko wa karatasi.

"Sasa, mzee wa hesabu."

"Poa. Umeniletea goli ama viatu?"

"Viatu. Zinanibana. Nibadilishie."

Mnunuzi hutazama kiatu juu, muuzaji hutazama chini. Nilizigeuza. Ya kulia meno yalikuwa yamekwisha, yamebaki kama ufizi. Ya kushoto yalikuwa marefu na makali, kana kwamba imetoka kwenye boksi asubuhi ile. Mtu anayepiga mpira kwa mguu wa kulia husimamia wa kushoto. Huyu hakuwa anausimamia. Yale mashuti kumi na manne yote aliyapiga akiwa anaanguka.

"Goti ni la lini?" nikamuuliza.

Akatazama barabarani. "Goti gani?"

"La kushoto. Mimi si daktari, lakini kiatu hiki hakijakanyaga chini."

Alikaa juu ya gunia langu. Alikuwa ametoka Ukambani miaka miwili iliyopita, na timu ilikuwa imempa chumba Kinoo pamoja na wenzake wawili. Ukiwa kwenye timu, una chumba. "Ni tangu ile mechi ya Muthangari," akasema. "Usiseme, mzae. Mgonjwa hawekwi pale. Yule beki wetu aliyevunjika walimtoa chumbani na plasta mguuni. Mimi nikipumzika mwezi mmoja hivi, nitapona, najisikia. Lakini nani atanipa mwezi?"

Nilimbadilishia njumu, zake nikazitupa chini ya meza.

Jumamosi tukapigwa tena, yeye akapaisha mbili. Jumapili nikasimama kibandani na kusema leo mimi ndiye mtetezi. Watu waliguna. Mama wa chai akaacha kukoroga.

"Umeokoka?" akaniuliza.

"Nimechoka kushinda."

Basi ikabidi Maalim awe mshtaki. Aliweka kikombe chini, akajifuta midomo, akakohoa kama mtu anayeombwa kuchinja kuku wa jirani.

"Hakimu, mie kushtaki sikuzoea, nitasema machache. Kijana kachoka. Naakae benchi mechi nne, apumzike, kisha arudi. Sina zaidi."

Mechi nne ni Jumamosi nne. Ni mwezi. Aliye benchi bado ni mchezaji, na chumba chake cha Kinoo kipo palepale. Maalim, bila kujua lolote, alikuwa ameweka mezani kitu kilekile ambacho namba tisa aliniambia hakuna wa kumpa. Nilichotakiwa kufanya ni kunywa chai.

Lakini nimekaa na wateja miaka ishirini na mbili. Bei ya kwanza haikubaliwi. Hata ikiwa nzuri, unaikunjia uso kwanza, kwa sababu ukiikubali upesi mwenzako anajua kuna kitu unakijua. Na mimi kulikuwa na kitu nakijua.

"Nne ni nyingi, Maalim."

"Basi tatu."

"Mshambuliaji akikaa anashika kutu. Tatu hapana."

"Mbili, ndugu yangu. Usinitoe roho."

Nilimwona amelegea. Mteja akilegea hivyo, mkono wako huenda wenyewe. "Hakuna benchi kabisa," nikasema. "Aanze mechi mbili. Asipofunga, mfanyeni mnavyotaka."

"Umesema wewe, si mimi," mama wa chai akasema.

"Nimesema."

Akagonga sufuria kwa kijiko, na hukumu ikawa hukumu. Watu walinipigia makofi. Maalim alinishika bega akasema hajamwona mtu anayejua kutetea namna ile.

Nilifika nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyenunua kiatu cha ngozi kwa bei ya kandambili. Nilikuwa navua soksi nilipohesabu mara ya pili. Nne, tatu, mbili, hakuna. Kila mechi niliyomshusha Maalim ilikuwa ya lile goti.

Jumatatu nikampigia kocha, nikamwambia labda namba tisa angepumzishwa kidogo.

"Jana si wewe ulimtetea?" akasema. "Kwani ana shida?"

Nikasema hana. Ningesema nini?

Mechi ya kwanza aligonga mwamba, na watu wa viti vya nyuma walisimama. Hata mimi nilisimama. Mechi ya pili, kabla ya nusu saa, alipokea mpira katikati akataka kugeuka, akaanguka.

"Amka, boss," mtu akapiga kelele. "Penalti ni kule mbele."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu hatua kati yake na beki aliyekuwa karibu. Nne. Nikarudia. Nne. Hakuna aliyemgusa.

Namba tisa mpya alihitaji chumba. Nilienda Kinoo kusaidia kubeba godoro, kwa kuwa yule wa zamani alikuwa na mikongojo. Aliingia kwenye gari la kumrudisha kwao polepole, mguu kwanza, halafu akanipa mkono kupitia dirishani.

"Asante, mzae. Wengine wote walitaka nitolewe. Wewe ulinitetea."

Sikumwambia kuhusu zile mechi nne. Nilimwambia Maalim, Jumapili iliyofuata, kabla kesi haijaanza. Hakukasirika. Alizungusha kikombe kwenye kiganja, kisha akasema, "Nami nilikupa nne." Na kesi ikaanza, ya namba tisa mpya. Tulikuwa tumepigwa tatu.

Zile njumu bado ziko chini ya meza yangu. Wiki jana mteja aliinama akaokota ya kushoto, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye meno yake.

"Hii ni mpya kabisa. Ingine iko wapi?"

Nikamwambia haziuzwi.

Alitabasamu, kama watu wanaojua biashara, akaniambia bei. Nikamwambia haziuzwi. Akaongeza.