Kamba Nne na Chungu cha Jirani

Nyumba yetu ni ya juu. Watu wa mtaa wetu wa Langoni wataelewa mara moja, lakini kwa mgeni nitaeleza: jengo ni moja la mawe, milango ni miwili, na kila mlango una watu wake. Chini anakaa jirani yetu, shoga wa mama tangu wote wawili walipokuwa maharusi. Juu tunakaa mimi na mama. Boriti zinazotubeba sisi ndizo anazozitazama yeye akilala chali.

Mwaka aliofariki baba, mama alikaa eda, miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa. Siku ya kutoka alioga, akavaa dera jipya, wanawake wakaja, tukala na kuomba dua. Kesho yake nikangoja ashuke ngazi. Hakushuka. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Buibui lake lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, likashika vumbi mabegani. Nikimwuliza, ananijibu, "Nitatoka, mwanangu. Leo yua kali." Siku ya pili, upepo mwingi. Siku ya tatu hana sababu, anajifanya amesinzia. Miguu ikaanza kumvimba. Muuguzi aliyekuja kumpima alisema hakuona ugonjwa. Anachohitaji ni kuuchangamsha mwili na kuonana na watu.

Shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini ndoto zangu hazikuishia popote. Ninafanya kazi katika kiduka cha fotokopi, na baina ya karatasi na karatasi hujiona nimeshafungua chumba cha mazoezi cha wanawake peke yao, kina kioo ukuta mzima, feni mbili na pazia zito mlangoni. Basi nikasema, mwanafunzi wangu wa kwanza atakuwa mama. Kukimbia ufukweni najua hatakubali. Lakini kamba hurukwa ndani kwa ndani, na aliwahi kunihadithia kwamba alipokuwa mdogo kwao Kipungani hakuna msichana aliyemshinda kuruka kamba. Nikiruka mbele yake kila siku, niliwaza, ataona wivu.

Nilidhani kazi ni kununua kamba tu. Kumbe kamba ni kama wachumba: mlangoni kila mmoja mzuri, tabia utaijua ndani.

Ya kwanza niliinunua kwa kijana wa bara anayeuza vyombo vya plastiki. "Chukua hii, siz," aliniambia, "hii ni ya mazoezi kabisa, wewe utatoka hapa ukiwa mwanajeshi." Ilikuwa ya waridi, nyepesi, ina vishikio vya mbao vyekundu vilivyonipendeza sana. Nikapanda nayo paani. Kusi lilikuwa linavuma, na kila nikiirusha kamba ilikwenda upande wa msikitini badala ya kunipitia kichwani. Iliporudi, ilinipiga vidole vya miguu, maana ilikuwa fupi pia. Mama alikuwa amekaa juu ya ngazi, akichambua mchele kwenye ungo.

"Hiyo ya mwanasesere," alisema, akaendelea na mchele wake.

Ya pili niliiona kwenye simu na kuiagiza kutoka Mombasa. Ilikuwa ya waya uliovikwa plastiki nyembamba, na wasichana wa kwenye simu waliiruka hadi huioni. Mimi niliruka mara nne. Ya tano ikanichapa muundi wa mguu, nikakaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Sikukata tamaa, lakini saruji ya paa letu ni mbaya kama tupa. Siku chache tu ile plastiki ikaliwa, waya ukabaki nje unang'aa. Mama alinipaka mafuta ya nazi palipovimba.

"Hii si kamba, mwanangu, ni kiboko cha chuoni. Wajitia adabu mwenyewe."

Nikamtazama haraka. Pembe ya mdomo ilikuwa imepanda kidogo. Sikuwa nimeiona ikipanda tangu msiba, na kwa ajili ya pembe ile ningekubali kuchapwa miguu yote miwili.

Kamba ya tatu alinipa mjomba, mdogo wake mama, anayevusha abiria kwa boti kwenda uwanja wa ndege wa Manda. Alinisikiliza shida zangu zote, kisha akakata kipande cha kamba ya kufungia boti, nene kama kidole gumba. "Shika," alisema. "Hii hata kusi haliisogezi." Nikaona kweli, huyu ndiye mtu mwenye akili katika ukoo.

Siku hiyo mvua ilinyesha, paani hapakukalika. Nikasimama katikati ya chumba chetu kirefu, mama akiwa kitandani kwake ametazama ukuta. Nikaruka. Ile kamba ilikuwa nzito, mikono ikawaka moto, na kila ilipogonga sakafu ilitoa mshindo wa mtu anayetwanga. Nilipofika kama kumi na tano nikasikia sauti nyuma yangu. "Kumi na sita. Kumi na saba. Nyosha mgongo, hiyo kuruka gani ya kuinama." Mama alikuwa amegeuka, anahesabu. Nikazidisha nguvu.

Kwenye thelathini na mbili ilitoka sauti nyingine, chini ya miguu yangu.

"Nyinyi huko juu. Mwajenga au mwabomoa?"

Chokaa kuukuu ilikuwa imeachia baina ya boriti na kuanguka chini, na ilichagua kuanguka kwenye chungu cha wali wa jirani, wakati kifuniko kimetoka naye anatia tui la nazi. Alituhadithia yote hayo kwa sauti kupitia dirishani, na uchochoro mzima ulipata habari za chakula chake cha mchana. Mimi nilikuwa tayari nimeshika mlango, nikimbie nikaombe msamaha.

"Kaa," mama aliniambia. "Radhi ya nyumba haiombwi na mtoto."

Akaondoka kitandani. Akalitoa buibui kwenye msumari, akalikung'uta mara mbili, vumbi likaruka, akapiga chafya. Niliitupia kamba begani, nikamfuata. Alienda jikoni, akafunika chungu chetu cha wali na kile cha mchuzi wa samaki. "Ndoo," aliniita, yaani njoo, "ubebe. Hatubishi hodi mikono mitupu."

Alishuka ngazi moja moja, kiganja ukutani. Mlangoni akasimama. Punda mwenye mizigo ya mchanga alikuwa anapita, na uchochoro wetu ni mwembamba. Punda akipita, mtu hungoja. Nilimwomba Mungu yule punda asimpe mama sababu ya kurudi. Alipita taratibu sana, kama anayejua. Kisha mama akavuka kizingiti.

Ni hatua saba hadi mlango wa chini. Nilizihesabu.

Jirani alifungua akiwa na mwiko mkononi na maneno yake yote tayari. Akaona ni nani. Mwiko ukashuka.

"Umetoka," alisema.

"Nimekuya kukuomba radhi, shoga. Wali wako umeharibika."

"Radhi ya nini? Miezi mingapi napanda ngazi nakubembeleza, hutoki. Kumbe dawa ni chokaa. Ningejua, ningeibomoa dari mwenyewe."

Walicheka, wakalia kidogo, wakacheka tena, na mimi mikono ilikuwa inaniuma kwa vyungu viwili. Tulikula pale chini, sote watatu sinia moja. Baada ya kunawa, jirani akaiinua ile kamba niliyoshuka nayo begani. "Na hiki ndicho ulichokuwa ukirukia? Watu wa boti watakutafuta."

Hapo ndipo nilipofundishwa. Mama alinisimamisha, akaniambia niikanyage kamba katikati kwa mguu mmoja na kuzivuta ncha juu. Zilinipita masikio. "Mwisho wake ni kwapani. Kamba ni kama buibui, ya mwenzio haikukai. Ikiwa nyepesi, upepo waichukua. Ikiwa nzito, watoboa nyumba za watu. Na mkononi iwe yazunguka yenyewe, si wewe waisokota." Alisema yote hayo amesimama, anaonyesha kwa mikono, na jirani ananikonyeza.

Wiki iliyofuata mjomba alitupeleka Kipungani, kwa mama mdogo wangu anayesuka mikeka. Walikaa wawili barazani na miyaa, yale majani makavu ya kusukia, wakabishana hadi adhuhuri. Mama alitaka kamba iwe nene kidogo katikati, panapogonga chini. Mdogo wake alisema mtu mzima anayeruka kamba angenyamaza ashukuru. Ilipomalizika waliilowesha maji ili ipate uzito, wakafunga ncha zake kwenye vile vishikio vyekundu vya kamba yangu ya kwanza. Nikaikanyaga, nikavuta. Kwapani barabara. Ilipita kichwani kwangu na mlio mdogo tu, kama ufagio.

Jirani alitupa ruhusa kwa masharti mawili: tutandike mkeka uliokunjwa mara nne, na kabla ya kuruka tumpe taarifa.

Asubuhi moja, kabla sijaenda kazini, nilimkuta mama ameshatandika. Buibui lilikuwa kwenye msumari, safi, maana siku hizi sokoni anakwenda mwenyewe. Alichukua mchi wa kinu, akagonga sakafu mara tatu. Tukangoja. Huko chini kikasikika kifuniko kikifunika chungu.

"Haya," alisema mama, akalipandisha dera kidogo. "Wewe hesabu."