Nilimnyamazisha Shangazi Mbele ya Mtafiti

Nianze kwa kusema kosa ni langu. Sikulazimishwa wala sikudanganywa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilijua ninachofanya kila nilipokifanya.

Mimi ni msichana wa huku milimani, juu ya Lushoto, njia ya kwenda Mtae. Ni mwoga wa watu. Mgeni akiingia nyumbani mimi nakimbilia jikoni. Lakini Kiswahili changu cha shule ni kizuri, ndiyo maana Dada Neema alipokuja kutafuta mkalimani, mama akanitoa mimi.

Dada Neema alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya saikolojia, ile ya utafiti, ambayo huingii sana darasani. Unapewa msimamizi, unafanya utafiti wako na kuuandika mpaka uishe. Wa kwake ulihusu akina mama waliojifungua watoto wakiwa wameshafariki: ile huzuni wanaipeleka wapi. Yeye ni mtu wa Mbeya, Kishambaa hajui hata salamu. Mama zetu Kiswahili wanakisikia vizuri tu, lakini alitaka wajibu kwa Kishambaa. Alisema mtu akiumia huongea lugha ya nyumbani.

Alinielekeza kutwa nzima. "Mdogo wangu, usiongeze, usipunguze. Mtu akinitukana, nitukane vilevile alivyonitukana." Tukacheka. Halafu akaacha kucheka, akaniambia muda wake chuoni umebaki kidogo, na mahojiano haya yakiharibika hana mengine.

Sasa sikia. Kwetu mtoto aliyezaliwa bila kulia hatajwi. Hawekewi matanga. Wanawake wanamzika kimya kimya, mama yake anapewa uji, watu wanarudi kwenye maharage yao. Na binti kama mimi, kumwuliza mtu mzima habari za uzazi wake ni sawa na kumvua nguo.

Nyumba ya kwanza, mama mwenye nyumba alimtazama Dada Neema akaniuliza kwa Kishambaa, "Huyu ameolewa?"

"Hajaolewa, mama."

"Sasa mambo ya leba anayatakia nini? Mwambie chuo hakizalishi."

Dada Neema akauliza amesemaje. "Anasema karibu sana," nikajibu. Ndivyo nilivyoanza, na uongo mdogo wa adabu.

Kuanzia hapo, kila swali gumu nililigeuza. Dada akisema, "Mwulize alijisikiaje alipoambiwa mtoto hayupo," mimi nauliza, "Afya yako inaendeleaje, mama?" Mama anajibu anamshukuru Mungu. Simu ya Dada Neema inarekodi. Kila nyumba wanamshukuru Mungu. Mpaka dada akaanza kushangaa: "Wanawake wa huku ni wagumu jamani, hata chozi hawana."

Tukafika kwa shangazi yangu, dada yake baba. Mtoto wake alizaliwa ameshafariki nikiwa darasa la sita.

"Mwulize huyo mtoto anamkumbuka vipi," Dada Neema akasema.

Nikamwuliza shangazi kama mguu wake bado unamsumbua.

Shangazi hakujibu habari ya mguu. Swali alikuwa ameshalisikia kwa Kiswahili. Alimgeukia Dada Neema akaanza kusema, kwa Kishambaa, taratibu, akiangalia mikono yake. Alisema mtoto alikuwa wa kike na alimpa jina, ila hakuna aliyewahi kumwuliza jina hilo. Akalitaja. Alisema kaka yake, yaani baba yangu, alimkataza kulia. Mama yangu hajampa pole mpaka leo. Alisema kuna asubuhi anaamka akitamani wangemfukia pamoja naye.

Masikio yangu yakawa ya moto. Niyaseme hayo ya baba na mama yangu mbele ya mgeni, na simu inarekodi?

"Anasemaje?"

"Anasema ni mapenzi ya Mungu, ameshazoea."

"Mbona ameongea sana?"

"Anarudiarudia tu, dada."

Shangazi akanitazama. Alikuwa amenisikia neno kwa neno. Akakaza khanga yake kiunoni, akasema chai imeiva.

Nyumbani nilimweleza mama jinsi nilivyokuwa nayageuza maswali. "Umefanya la maana," akasema. "Hayo hayaulizwi." Nikalala nimeridhika. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote, kwamba niliridhika.

Chuoni, aliyepewa kazi ya kusikiliza zile sauti na kuziandika alikuwa dada mmoja Mshambaa. Haikuchukua muda Dada Neema akanipigia. Hakunitukana.

"Ungeniambia tu huwezi. Ningetafuta mtu mzima. Kwa nini hukuniambia?"

Kisha akakata simu.

Msimamizi wake aliyakataa mahojiano yote. Dada Neema akapanda tena huku na yule dada Mshambaa ili aanze upya, nami nikafuata nyuma niombe radhi. Akina mama wakamkatalia mlangoni. "Tulishahojiwa. Kwani yale majibu mliyapeleka wapi?"

Kwa shangazi hatukukaribishwa hata kukaa. "Mimi nilishasema," akasema, "na wa kusikia alikuwepo. Hayo mliyonayo kwenye simu, yafuteni."

Ile sauti ndiyo kitu pekee cha kweli alichokuwa amebaki nacho Dada Neema. Aliifuta pale pale mbele ya shangazi, kwa sababu tangu mwanzo alimwahidi kwamba akitaka kujitoa, atatolewa. Muda wake ukaisha hivyo. Hakuhitimu. Nasikia yuko kwao Mbeya, anamsaidia mama yake dukani. Ujumbe wangu anausoma, hajibu.

Shangazi bado anaitikia shikamoo yangu. Lakini siku hizi ananisemesha Kiswahili, lugha ya wateja na wageni, mimi mtoto wa kaka yake. Majirani wanasema nina heshima, binti mtulivu. Jina la yule mtoto ninalo, nimelisikia kwa masikio yangu, na sina ruhusa ya kulitamka kwa mtu.

Wewe unayeitwa kusimama katikati ya watu wawili uwe mdomo wao, kama unaona aibu, sema unaona aibu kabla mtu hajaanza kuongea. Watakucheka kidogo, utarudi zako jikoni, yaishe. Usije ukamwacha mtu atoe jambo lililomkaa moyoni miaka, halafu wewe ulimeze ukijiita mwenye adabu. Hatalisema mara ya pili.