Mfuko Mgongoni mwa Winchi

Wapagazi wa ghala la saruji walimwita Winchi, kwa kuwa hakuna mfuko uliowahi kumshinda. Siku mgongo ulipomgomea, akabebwa yeye. Nafasi yake akapewa mdogo wake wa tumbo moja, eti aishikilie tu mpaka kaka apone.

Mdogo wake ndiye aliyempeleka hospitali. Mtaalamu wa viungo aliwaeleza wote wawili kwamba mgongo hushikwa na misuli ya tumbo, basi aanzie hapo. Alale chali, akunje magoti, anyanyue nyonga. Kisha apige magoti, viganja chini, anyooshe mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Akizoea, ajiegemeze kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, wala asibane pumzi.

"Ila mzigo mgongoni, hapana," alisisitiza. "Hata mtoto asimpande."

Winchi akashika alichoambiwa. Chumba chao kilikuwa finyu, mkewe akawa anamruka kwenda kuchukua sufuria. "Baba watoto, umeangusha nini huko chini?" Mwanzoni alitetemeka mwili mzima, akaanguka kifudifudi, akabaki hapo kwa aibu. Taratibu tumbo likakaza. Asubuhi moja aliinama akafunga kamba za viatu bila kuguna, machozi yakamlengalenga.

"Narudi kazini," akamwambia mdogo wake.

"Hongera, kaka," akajibu yule, akaendelea kula.

Ghalani, nyapara alimkagua juu mpaka chini. "Haya, tuone hizo nguvu. Ukiweza, nafasi yako hiyo hapo."

Winchi akashuka sakafuni, akajinyoosha juu ya viwiko. Mgongo haukubonyea hata kidogo. Alifurahi kama mtoto, maskini wa watu, akidhani wanamwelewa. Wapagazi wale hawajui nguvu ya mikono mitupu. Kwao mtu si mzima mpaka awe na mfuko juu yake.

"Huko si kulala tu?" mmoja akacheka. "Mwekeeni mfuko!"

Akaviona viatu vya mdogo wake vikimjia. Moyo ukamtulia. Huyu atawakataza, alisikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Kaza tumbo, kaka," mdogo wake akasema kwa upole, akamtwika mfuko mgongoni.

Aliuhimili. Hilo tusimnyime. Jasho lilimchuruzika hadi puani, naye hakubana pumzi, aliuhimili mpaka mdogo wake alipoukalia.

Kilio chake kiliwachekesha kwanza, kisha kikawakera.

"Hajapona huyu," nyapara akasema. "Mtoeni njiani, lori linaingia."

Wakamburuta pembeni. Mdogo wake akaunyanyua ule mfuko, akautupia begani, akaendelea na kazi. Jioni alipita kwa kaka yake na dawa ya kuchua, na shemeji yake akamshukuru sana.